Siku Nilizomlea Mtoto wa Severina

Jumanne, 9 Januari

Nimefika Itigi leo saa tisa alasiri na begi moja na daftari hili, ambalo shangazi alinipa nilipomaliza kidato cha nne. Kutoka Kinyangiri nimepanda magari matatu. Tajiri wangu, Severina, alinipokea stendi, mtoto mgongoni, kitenge amejitanda mpaka shingoni ijapokuwa jua lilikuwa kali. Anauza asali. Nadhani hajafika miaka thelathini. Hakucheka hata kidogo. Aliniuliza kama nimekula, kisha akauliza ni nani nimemwambia ninakokuja. Nikasema baba na mama tu. Akasema basi iishie hapo.

Mtoto anaitwa Chrispin, ana miaka miwili na miezi minne. Alinikodolea macho njia nzima.

Jumatano, 10 Januari

Mvua asubuhi. Mtoto amekataa uji wangu.

Ijumaa, 12 Januari

Leo nimepewa masharti. Nisimtaje mtoto kwa jina mbele za watu, nimwite Kaka. Nisikubali apigwe picha. Nisimwambie mteja yeyote Severina anasafiri lini wala anarudi lini. Mlango wa mbele, ule wa chumba cha asali, ufungwe kwa komeo akiwa hayupo.

Nilitaka kuuliza sababu, lakini sura yake haikuruhusu. Nimejiambia kwamba ni maringo. Kuna watu wakipata ndoo ishirini za asali wanajiona wanawindwa na dunia nzima.

Jumatatu, 15 Januari

Mvua. Nguo hazijakauka.

Alhamisi, 18 Januari

Nimemwona Severina akioga uani, hakujua kama nimerudi kutoka bombani. Kutoka nyuma ya sikio mpaka katikati ya mgongo ngozi yake imekunjamana kama nailoni iliyoungua. Aliponiona hakujifunika haraka. Alisema, "Ni mafuta ya kupikia," akaendelea kujimwagia maji. 

Jumatatu, 22 Januari

Mtoto ameanza kunizoea. Leo amenishika sikio mpaka akalala. Kifua chake kinakoroma. Severina amemkanda kifua kwa maji ya moto na kumlambisha asali.

Jumamosi, 27 Januari

Amekuja mteja anayetafuta nta. Severina alikuwa ameenda porini kwa warina asali wake. Mteja anaitwa Lazaro, ni mrefu, anaongea taratibu na ana kovu dogo kwenye nyusi ya kushoto. Alisimama nje mvua ikimnyeshea, hakuomba kuingia, mpaka mimi mwenyewe nikamwambia asogee barazani. Aliniuliza nimetoka wapi, nimesoma wapi, nilipata nini kwenye mtihani. Nikamwambia. Akasema ni dhambi mtu mwenye akili kama mimi kukaa kubeba mtoto wa mwenzake, nitafute chuo cha ualimu.

Tangu nifike hapa hakuna mtu aliyeniuliza habari zangu.

Jumatano, 31 Januari

Kaka Lazaro kapita tena. Alimletea mtoto biskuti. Nilimwambia tajiri hapendi. Akacheka, akaila moja mwenyewe kuonyesha haina kitu.

Jumatatu, 5 Februari

Nimegombezwa vibaya. Mama Witness, jirani wa ng'ambo ya barabara anayekaanga maandazi, alimpiga mtoto picha kwa simu akiwa amekaa ndani ya ndoo tupu. Ni picha ya kuchekesha tu. Severina alivuka barabara, akaichukua simu mkononi mwa yule mama na kuifuta picha mwenyewe. Aliporudi alinishika bega akanitikisa, akauliza kama masikio yangu ni ya mapambo. Mama Witness amesema mbele ya watu kwamba yule mwanamke amerogwa. Mimi sikumtetea.

Ijumaa, 9 Februari

Nilimweleza kaka Lazaro habari ya picha. Alitikisa kichwa, akasema mwanamke anayeishi bila mume hugeuka hivyo, nimvumilie. Aliuliza kama nami ninapata siku ya kupumzika. Nikasema labda wiki ijayo, maana tajiri atasafirisha mzigo Dar kwa treni na nyumba itakuwa tulivu. Akauliza kama sitaogopa peke yangu. Nikasema nalala na mtoto chumba cha nyuma, siogopi.

Nimeandika haya yote jinsi nilivyoyasema. Nayasoma sasa naona nimevunja sharti la safari. Lakini ni mtu wa nta tu.

Jumatatu, 12 Februari

Severina ameondoka na ndoo zake. Alimkumbatia mtoto muda mrefu mpaka nikaona aibu kuangalia.

Jumanne, 13 Februari

Mvua kutwa. Redio inasema maji yameharibu reli mbele ya Gulwe, treni zimesimama. Simu ya Severina haipatikani.

Jumatano, 14 Februari

Jumatano ya Majivu. Sikwenda kanisani kwa sababu ya mtoto.

Saa nne hivi kaka Lazaro alifika. Nilikuwa nimefunga komeo, nikaongea naye dirishani. Mtoto alikuwa nyuma yangu anavuta sketi. Kaka Lazaro aliinama akasema, "Chrispin, njoo usalimie."

Aliaga vizuri, akaondoka. Mimi nilirudi kuchambua mboga, na nikiwa na jani mkononi nikakumbuka alivyomwita. Mimi humwita Kaka. Kila mtu hapa humwita Kaka. Nimepekua kichwa changu mchana kutwa kama siku moja jina lake liliniponyoka. Nimepekua na daftari hili. Sikumtajia.

Nimevuta magunia mawili ya pumba nyuma ya mlango.

Alhamisi, 15 Februari

Severina amepatikana saa sita, sauti inakatika. Yuko na abiria wengine kwenye treni iliyokwama. Nilimweleza habari za Lazaro na jinsi alivyomwita mtoto kwa jina. Nilipofika kwenye kovu la nyusi alinikatiza. Aliniambia yule si Lazaro. Ni Gabrieli, mume wake, baba wa mtoto. Severina alimkimbia mwaka jana kutoka Singida mjini, mtoto akiwa wa miezi kumi na sita, baada ya kumwagiwa yale mafuta. Alisema nimsikilize vizuri. "Usifungue. Hata aje na mtu unayemheshimu, usifungue mpaka uione sura yangu."

Alisema anauacha mzigo, atatafuta gari lolote la kumfikisha Dodoma. Na atampigia mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Alute, atuangalie.

Nililia. Sikumwambia kwamba Gabrieli alipata kwangu habari ya safari yake.

Jumatano, 21 Februari, Iguguno

Naandika nikiwa kwa mama yake Severina. Mkono wangu wa kulia umefungwa, naandika polepole. Nataka niandike kwa mpangilio, kwa sababu polisi waliniuliza kwa kurukaruka na mimi nikajibu kwa kurukaruka.

Ijumaa asubuhi Mzee Alute aligonga. Nilimjua kwa kikohozi chake. Nikamwamkia shikamoo kupitia mlango, akaitikia marahaba, akasema nifungue. Nikachungulia dirishani. Alikuwa na mwavuli, na chini ya mwavuli huohuo alikuwa Gabrieli, kashika bahasha. Mama Witness na watu wengine watano sita walikuwa wamesimama barabarani.

Nikasema, "Mzee, dada amenikataza."

Mzee Alute alisema Severina amempigia, anajua yote. Lakini huyu bwana alifika kwake tangu jana, amekuja kwa adabu, ana cheti cha ndoa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, amekiri makosa yake na anataka kupatana na mkewe. Alisema mambo ya mume na mke hayasuluhishwi kwa komeo. Nikakataa. Akasema kwa sauti ya kusikiwa na watu, "Binti, unamfungia baba wa mtoto nje kwenye mvua. Wewe ni nani katika nyumba hii?"

 Leo ningemjibu. Siku ile nilikuwa msichana wa kazi, na mzee wa watu amesimama kwenye matope kwa sababu yangu. Niliyasogeza magunia.

Gabrieli aliingia akafuta miguu kwenye gunia. Alimwinua mtoto juu, watu wakafurahi. Mzee Alute alitoa nasaha kwa dakika kumi, akaomba dua fupi ya amani, akaondoka na mwavuli wake. Gabrieli akarudisha komeo. Ufunguo wa mlango wa uani aliutia mfukoni, na simu yangu akaitia mfuko wa pili.

Hakunipiga. Sikilizeni, yeyote atakayesoma, hakuinua hata sauti. Alisema anasikia njaa. Nikapika ugali na mlenda, akala, akausifu. Alimweka mtoto mapajani, na mezani akaweka kile kisu kirefu tunachokatia masega. Akasema tutampigia Severina.

Alinifundisha maneno. Niseme amekuja na mwenyekiti, nikakataa kufungua, na jioni ameonekana akipanda basi la Singida. Niseme njoo tu, dada, kumetulia. Akaweka spika ya nje. Kidole chake kilikuwa kinachezea nywele za mtoto.

Nilisema. Nilisema vizuri, sikutetemeka, sikukosea neno. Severina akauliza mtoto amekula. Nikasema amekula. Amekula nini? Nikasema ugali na mlenda. Nikasikia honi ya lori upande wake. Kisha akasema, "Haya, mdogo wangu. Nakuja."

Gabrieli aliniambia kweli nina akili, yale ya chuo hakuwa ananidanganya.

Usiku alikaa kwenye kiti mbele ya mlango. Sisi hatukulala.

Jumamosi asubuhi Mama Witness alileta maandazi ya kumkaribisha baba mwenye nyumba. Gabrieli alifungua mwenyewe, akasimama pembeni kwa heshima. Nilimtazama yule mama kwa macho yangu yote. Nilimshika mkono nilipopokea bakuli, nikamfinya mpaka kucha zikaingia. Alicheka, akasema leo una nguvu kwa sababu nyumba imepata mwanaume. Akarudi kwenye karai lake. Kutoka dirishani nilimwona akigeuza maandazi, hatua thelathini kutoka kwetu, na mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ningepiga kelele asingesikia.

Mchana Gabrieli alinisimulia habari ya mafuta. Sikumwuliza. Alisema yalikuwa ya kukaangia samaki, na kwamba Severina alimlazimisha. Alisimulia kama mtu anayeeleza jinsi tairi lilivyopasuka safarini.

Saa tisa na nusu tulisikia hatua barazani. Severina hakugonga. Alisema tu, "Gabrieli, ni mimi. Fungua."

Gabrieli alishika kisu nyuma ya mguu, akatoa komeo. Severina alikuwa amelowa mpaka kichwani na kitenge chake hakikuwa shingoni. Hakuingia. Alisimama katikati ya mlango, mgongo kwenye fremu ya upande mmoja na mkono kwenye fremu ya upande wa pili. Hakunitazama mimi, alimtazama yeye. Akasema kwa upole, "Editha, mtoe mtoto. Sisi wakubwa tuna mazungumzo."

Nilimbeba mtoto nikapita chini ya mkono wake. Gabrieli alinyoosha kisu kunizuia, ndipo nilipokatwa hapa juu ya kiwiko. Severina aliingia kati yetu na kumsukuma kwa kifua. Vidole vyake vilipita kwenye kichwa cha mtoto, haraka, kama mtu anayehakikisha kofia ipo. Mlango ukafungwa nyuma yangu. Hakuufunga Gabrieli. Niliuona mkono wa Severina ukiuvuta.

Nilikimbia kwa Mzee Alute, ndiye mwenye watu. Nilipita mbele ya Mama Witness, na aliponiona damu ndipo karai lilipomponyoka. Mzee Alute alikuwa anakunywa chai. Aliniambia nitulie, nieleze taratibu. Akatafuta mabuti. Akamtuma mjukuu amwite mgambo. Nilimwona akifunga kamba za buti, moja, kisha nyingine, na mimi nimemshika mtoto wa Severina begani.

Vijana wa Mama Witness ndio waliovunja mlango. Mimi hawakuniacha niingie. Gabrieli alikuwa ameshatokea uani, na wafanyakazi wa reli walimkamata akijaribu kupanda behewa la mizigo lililosimama.

Severina alifia njiani kwenda hospitali. Tumemzika jana hapa Iguguno.

Ijumaa, 23 Februari

Polisi wamekuja kuchukua maelezo tena. Wameuliza nilimjua Gabrieli tangu lini. Nikasema tarehe 27 Januari. Wakauliza alikuwa mpenzi wangu. Nikasema hapana. Mmoja aliandika muda mrefu kuliko jibu langu.

Jumatatu, 26 Februari

Mzee Alute alifika na ujumbe wa rambirambi. Alisimama mbele ya watu, akasema hakuna aliyejua, kwamba shetani aliingia. Nilisubiri aseme kwamba Severina alimpigia simu. Hakusema. Wakampa kiti cha mbele, na mimi nikampelekea maji ya kunawa kwa magoti, kama inavyotakiwa.

Jumatano, 28 Februari

Mvua.

Jumatatu, 4 Machi

Mama yake Severina anaitwa Anastazia. Ni mkulima wa alizeti, mwembamba, anaongea Kinyiramba na mtoto na Kiswahili na wageni. Mimi ni Mnyiramba mwenzake, lakini bado ananisemesha kwa Kiswahili. Nimemwomba nibaki nimsaidie mtoto mpaka azoee. Ameitikia kwa kichwa.

Alhamisi, 7 Machi

Chrispin hataki milango ifungwe. Wala hataki iachwe wazi. Tunaiweka nusu.

Jumapili, 10 Machi

Ndugu za Gabrieli wametuma barua wakimtaka mtoto, kwa kuwa ni wa ukoo wao. Bibi Anastazia aliisoma akiwa amesimama shambani, akaikunja mara nne na kuitia kwenye mfuko wa aproni. Aliendelea kupalilia. Baadaye alisema watakwenda mahakamani, na mahakama huangalia vyeti.

Jumatano, 13 Machi

Baba amepiga simu kutoka Kinyangiri, anataka nirudi. Huko wamesikia kwamba mimi ndiye niliyemfungulia muuaji. Sikuweza kusema ni uongo.

Jumamosi, 16 Machi

Silali. Nikifumba macho naisikia sauti yangu, siyo yake. Njoo tu, dada, kumetulia. Ingekuwa nilikosea neno moja. Ingekuwa nilikohoa.

Jumanne, 19 Machi

Leo nimemwambia.

Tulikuwa jikoni tunapepeta uwele, mtoto amelala kwenye mkeka mlangoni. Nilisema, bibi, kuna jambo. Nikamweleza habari ya biskuti, ya nta, ya safari niliyoitaja kwa mdomo wangu mwenyewe. Kisha nikamweleza na habari ya simu. Nikamwambia kwamba Severina asingekuja siku ile kama si mimi, kwamba nilimwita kwa sauti nzuri mpaka akaamini.

Bibi Anastazia aliendelea kupepeta. Nilidhani hakusikia. Alipomaliza ungo ule aliuweka chini, akanijibu kwa Kinyiramba, kwa mara ya kwanza. Naandika hapa kwa Kiswahili.

"Hakuamini," alisema.

Severina alimpigia mama yake akiwa kwenye basi, baada tu ya kuongea na mimi. Alimwambia, Editha amenijibu kama mtu anayesoma karatasi. Gabrieli yumo ndani, mama, amekaa nao. Bibi alimsihi asishuke, apitilize, aende polisi. Severina alisema ameshampigia mwenyekiti mara tatu, na mara ya tatu mzee alimkemea kwamba anamwaibisha mumewe. Alisema akija na kundi la watu, Gabrieli ataanza na mtoto. Anamjua. Akimwona yeye peke yake, atawaachia wengine.

"Aliniambia nimwombee tu mlango ufunguke," Bibi alisema. "Nikaomba. Ukafunguka."

Nilikuwa nimejiandaa kulaaniwa, na nilikuwa nimejiandaa kusamehewa. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Niliangalia mikono yangu imejaa makapi, nikashindwa hata kulia.

Ndipo Chrispin alipoamka. Alikaa kwenye mkeka, akatazama mlango ulioachwa nusu, akaanza kumwita mama yake, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu. Bibi alinitazama, nami nikamtazama, kila mmoja akisubiri mwenzake aende.

Nikaenda mimi.